Makaa ya Mbinga, tagi za Mtwara: nani anaitoa meli bandarini?

Ukisimama Kitai, pale njia ya Lituhi inapochepuka kutoka barabara ya Songea–Mbinga, husubiri sana kabla lori la makaa ya mawe halijapita. Limetoka migodi ya Ngaka, wilayani Mbinga. Mengine yanaishia kwenye viwanda vya saruji. Mengine yanashika Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 600 za lami, mpaka Mtwara, na huko mzigo unaingia melini kwenda nje ya nchi.

Nusu ya kwanza ya safari hiyo watu wa Ruvuma wanaijua vizuri: vumbi, mashimo, foleni kwenye mizani. Nusu ya pili haizungumzwi sana, na ndani yake kuna jambo ambalo wanafunzi wa fizikia huwa wanalikataa mwanzoni. Meli ile, yenye injini ya maelfu ya nguvu za farasi, iliyotoka Asia au Ulaya yenyewe bila kusukumwa na mtu, ikifika gatini haiwezi kuondoka salama bila msaada. Inahitaji mtu mgeni apande juu yake, na vyombo vidogo viivute. Mtu huyo ni rubani. Vyombo hivyo watu wa bandarini wanaviita tagi.

Kwa nini? Tuanze na usukani.

Usukani wa meli ni bamba kubwa la chuma lililo nyuma, tezini, chini ya maji. Bamba hilo halina nguvu yake lenyewe, linafanya kazi pale tu maji yanapolipita kwa kasi. Meli ikitembea, maji yanapiga bamba lililopinda na tezi inasukumwa upande. Meli ikisimama, unaweza kuzungusha gurudumu la usukani mpaka uchoke, hakuna kitakachotokea. Yaani chombo kinapoteza uwezo wa kukata kona hasa pale kinapouhitaji zaidi, kikiwa polepole karibu na gati. Mvuvi wa Mbamba Bay mwenye mtumbwi hana tatizo hili. Kasia lake linasukuma na kugeuza kwa wakati mmoja, na mtumbwi wenyewe ni mwepesi kiasi cha kusukumwa kwa mguu kutoka ufukweni.

Uzito nao una hesabu yake, na tunaweza kuifanya kwa kutumia lori la Ngaka. Chukua meli ambayo pamoja na mzigo ina tani 60,000. Iache itembee nusu mita kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kwa madaha. Nishati ya mwendo wake ni sawa na ya lori la tani 50 linalokimbia kilomita 60 na kitu kwa saa. Sasa fikiria gati ndiyo ukuta ambao lori hilo linauelekea. Tofauti ni kwamba lori lina breki na barabara ya kukamatia. Meli inaelea tu, na injini yake ikirudishwa nyuma inachukua muda kuipunguza mwendo, huku mzunguko wa propela ukivuta tezi kwenda upande mmoja.

Halafu upepo. Meli ya makontena, kama zile zinazobeba korosho za kusini, inaathirika zaidi kuliko ya makaa, kwa sababu makontena yanapangwa juu ya sitaha kama ghorofa. Tuseme ubavu wake una urefu wa mita 200 na kimo cha mita 20 juu ya maji. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao pwani ni wa kawaida kabisa, unausukuma ubavu huo kwa nguvu inayokaribia tani 24. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne, inakuwa karibu tani 96. Ndiyo maana tagi hazisifiwi kwa mwendo wala kwa ukubwa. Zinapimwa kwa tani za kuvuta: tagi inafungwa kamba kwenye nguzo ya gati, inapewa mafuta mpaka mwisho, na kipimo kinasoma inavuta tani ngapi. Tagi ya tani 50 inaweza kuwa na urefu wa mita 30 tu, lakini ndani karibu yote ni injini.

Siku ya kuondoka mambo huenda hivi. Rubani anapanda, anakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha usukani na kukaa na nahodha. Nahodha anamweleza chombo chake kilivyo: kimezama mita ngapi, injini inaitikaje, propela inazungukia wapi. Rubani naye anaeleza bandari: maji yanajaa au yanapwa, mkondo unaelekea wapi, kona iko wapi, chombo gani kingine kiko njiani. Kisheria nahodha anabaki bwana wa meli yake, lakini kuanzia hapo maagizo yanatoka kinywani mwa rubani. Tagi moja inakamata omo, nyingine tezi. Kamba za gatini zinafunguliwa kwa mpangilio. Tagi zinavuta meli ubavuubavu mpaka kuwe na nafasi ya maji ya kutosha, kisha moja inavuta na nyingine inasukuma na meli nzima inazunguka pale pale ilipo, kitu ambacho peke yake isingeweza. Omo ikishaelekea mlangoni, injini kuu inaanza kazi, maji yanapita kwenye usukani, na meli inapata tena akili yake. Kamba za tagi zinaachiwa. Nje ya mlango rubani anashuka kwa ngazi ya kamba kando ya ubavu mpaka kwenye boti ndogo inayorukaruka chini. Kwa maoni yangu hiyo ngazi ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote katika kazi ile, na marubani duniani wamepoteza maisha hapo.

Mtwara kazi hii haina ujanja wa kuikwepa. Ghuba ni ya asili, yenye kina na iliyokingwa vizuri na mawimbi, lakini mlango wake mbele ya rasi ya Msangamkuu ni mwembamba na una kona. Maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Meli iliyojaa makaa imezama sana, kwa hiyo saa ya kuondoka inapangwa kwa maji kujaa, hata kama upakiaji uliisha mapema.

Neno lenyewe lina historia. Leo ukisema rubani, mtoto wa shule anafikiria ndege. Lakini neno hili limetoka Kiarabu, na maana yake ilikuwa ya baharini karne nyingi kabla ndege haijawazwa. Pwani ya Waswahili ilikuwa na marubani waliojua pepo za kaskazi na kusi, miamba na nyota, na elimu hiyo ilikuwa na bei.

Vasco da Gama aliinunua kwa shida. Aprili 1498, meli zake zilipokuwa zinang'oa nanga ili ziingie bandari ya Mombasa, meli yake yeye ilikataa kugeuka, ikarudi na kuigonga iliyokuwa nyuma yake. Ikabidi watie nanga tena. Katika vurugu hiyo marubani waliotoka nao Msumbiji waliruka majini wakatoroka. Wanahistoria wengi wanaisoma habari hii kama kisa cha uadui na khiana. Sikatai. Ila ukiisoma kwa jicho la fundi wa meli, unaona jambo lile lile la usukani: chombo kizito, mwendo mdogo, nafasi finyu, hakuna wa kukivuta. Siku chache baadaye, Malindi, Da Gama alipewa rubani mwingine, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Mara nyingi utasikia kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa maandiko ya ubaharia kutoka Oman. Watafiti wengi siku hizi hawakubali, maana kumbukumbu za Wareno wenyewe zinamtaja mtu wa Gujarat.

Kwa hiyo rubani ni wa kale. Tagi ni mtoto wa juzi. Kabla ya mvuke, meli iliyokosa upepo bandarini ilivutwa na watu kwenye boti za makasia, au nanga ilipelekwa mbele kwa boti ndogo, ikatupwa, halafu mabaharia wakaivuta meli yao kuifuata nanga. Kisha warudie. Mwaka 1803, huko Scotland, chombo cha mvuke kilichoitwa Charlotte Dundas kilivuta matishari mawili ya tani 70 kila moja kwa kilomita 30 hivi kwenye mfereji. Wenye mfereji wakaogopa kwamba mawimbi yake yangebomoa kingo, mradi ukafa. Lakini wazo lilibaki, na kadiri meli zilivyokua, tagi zikawa sehemu ya kila bandari kubwa.

Bandari ya Mtwara yenyewe ilizaliwa kwa mpango ulioshindwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga Tanganyika kwa eneo kubwa mno, na upande wa kusini Nachingwea ilichaguliwa. Karanga zingehitaji reli, na reli ingehitaji bandari yenye kina. Ujenzi ulianza mwaka 1948. Mwaka 1951 mpango wa karanga ulitupwa, kwa hasara kubwa iliyokuja kuwa mfano wa darasani wa jinsi ya kutopanga kilimo. Gati la kina kirefu likakamilika mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miongo mingi gati lile la mita 385 lilichangamka msimu wa korosho na kusinzia miezi iliyobaki, na mbele yake ghuba ambayo bandari nyingi zingeitamani. Kisha kukaongezwa gati jipya la mita 300, na kuanzia 2021 na 2022, bei ya makaa ya mawe ilipopanda duniani, malori ya Ruvuma yakaanza kumiminika. Fanya hesabu ndogo: meli moja ya tani 50,000 za makaa inamaliza malori zaidi ya 1,600 ya tani 30.

Hapo mtu wa Mbinga ana haki ya kuuliza. Maji ya Ziwa Nyasa yako karibu sana na Ngaka kuliko Mtwara. Mpaka wilaya ya Nyasa ilipomegwa mwaka 2012, Mbinga ilikuwa na ufukwe wake: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, Ndumbi. Kwa nini makaa yasipite ziwani?

Jibu fupi ni kwamba ziwa halifiki baharini. Mto Shire unalitoa kwenda Zambezi, lakini katikati kuna maporomoko. Kila meli iliyowahi kuelea Nyasa ama ilijengwa pale pale, ama ilifika vipande vipande. Ilala, meli ya mvuke ya kwanza, ilibebwa na wapagazi kuyazunguka maporomoko hayo mwaka 1875, kisha ikaungwa upya. Meli ya kimisheni Chauncy Maples ilitengenezwa Glasgow ikasafirishwa kwa maelfu ya vipande, na tanki lake la mvuke, tani 11, liliburuzwa na mamia ya Wangoni. Ilizinduliwa mwaka 1901 na kwa miaka mingi ilihudumia vituo vya ukanda huu, Liuli kikiwemo. Wajerumani nao walileta Hermann von Wissmann miaka ya mwanzo ya 1890, kwa njia hiyo hiyo ya Zambezi na Shire.

Hakuna kati ya meli hizo iliyopokewa na tagi. Nahodha ndiye alikuwa rubani wake mwenyewe. Mahali pengi meli ilitia nanga mbali kidogo, mitumbwi na boti zikaleta watu na mizigo. Huu haukuwa ushamba. Ufukwe usio na gati hauhitaji chombo kijongee hadi pale kinapopoteza usukani, kwa hiyo tatizo la Mtwara halitokei. Gharama yake inalipwa na abiria, anayeshuka usiku na mtoto mgongoni kwenye boti inayoyumba.

Lakini elimu ya rubani ilikuwepo, na kisa kimoja kinaonyesha ilivyoweza kuwa silaha. Liuli, inayojulikana mpaka leo kwa jiwe la Pomonda, Wajerumani waliita Sphinxhafen, kwa kuwa waliona kwenye miamba yake umbo la Sphinx wa Misri. Ghuba imekingwa vizuri, na hapo waliweka chelezo cha kupandishia meli kwa matengenezo. Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo hicho, nje ya maji. Habari za vita zilikuwa zimeshawafikia Waingereza upande wa pili. Wajerumani wa Liuli hawakuwa nazo. Tarehe 13 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaingia ghubani na kuanza kupiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akaja kwa boti ndogo akiwa amefura kwa hasira. Inasimuliwa kwamba alimuuliza mwenzake wa Kiingereza, Rhoades, kama alikuwa amelewa. Walikuwa wakifahamiana. Akachukuliwa mateka, na gazeti la Times la London likaiandika habari hiyo kama ushindi wa majini.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho. Mimi kinachonivutia ni Rhoades alifikaje pale. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa miongoni mwa waliopima Ziwa Nyasa, kina chake na kingo zake, karne ya 20 ilipokuwa inaingia. Aliingia Liuli akiwa na kichwani elimu ya rubani wa mahali, tena aliyoikusanya wakati wa amani. Wissmann haikuwa na la kufanya. Meli iliyo juu ya chelezo haiondoki kwa dakika tano, na hapakuwa na chombo cha kuivuta. Waingereza walirudi Mei 1915 wakaiharibu zaidi. Baada ya vita ilitengenezwa, ikapewa jina la mfalme wa Uingereza, ikaendelea kufanya kazi kwenye ziwa lile lile.

Mwaka huo huo wa 1915 ziwa lilikuwa limeshuka mno, na kilichofuata hakifanani na bahari hata kidogo. Mdomo wa Shire uliziba kwa mchanga na majani, maji yakaacha kutoka, na kwa miaka ishirini hivi ziwa likapanda zaidi ya mita tano. Mtwara bahari inapanda mita tatu na kushuka ndani ya saa kumi na mbili hivi, na jedwali la mwaka mzima unalipata mapema. Nyasa hakuna kupwa wala kujaa kwa kuonekana, ila kuna kupanda kwa msimu wa mvua, na kuna mapandio ya miongo ambayo hayana jedwali. Gati ulilojenga leo wajukuu wanaweza kulikuta chini ya maji, au likiwa limeachwa nchi kavu. Bandari ya Itungi, upande wa Kyela, imesumbuliwa na mchanga wa mto kiasi kwamba kazi nyingi zikahamia Kiwira.

Na kuna mwera, upepo wa kusi unaovuma hasa Mei hadi Agosti. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580, limelala kaskazini-kusini, na mwera unavuma karibu sambamba nalo. Wimbi linakuwa kubwa kadiri upepo unavyopata umbali wa kulisukuma, na hapa umbali ni mamia ya kilomita. Tarehe 30 Julai 1946 meli mpya ya Vipya ilipinduka upande wa Malawi katika msimu huo, wakafa watu 145. Mvuvi wa Liuli anajua mwera unaanza vipi, mawingu yanakaaje, ghuba ipi inakinga na ipi inadanganya. Ukimwomba akuandikie atakushangaa, kwa sababu hajawahi kuhitaji karatasi.

Karatasi inaanza kuhitajika sasa. Mwaka 2017 yalizinduliwa matishari mawili, Njombe na Ruvuma, kila moja la kubeba tani 1,000. MV Mbeya II, ya abiria 200 na mizigo tani 200, ilianza safari mwaka 2021. Ndumbi pamejengwa bandari kwa ajili ya makaa. Barabara ya lami Mbinga–Mbamba Bay imekamilika, na Mbamba Bay kwenyewe ujenzi wa bandari mpya umeanza, ili mizigo ya Malawi ipite ziwani, ishike barabara hadi Mtwara. Gati linapokuja, ubavuubavu unakuja nao. Tishari la tani 1,000 si meli ya makontena, lakini kukiwa na mwera, chombo tupu cha ubavu mpana kilichofungwa kwenye gati refu kinasukumwa kwa kanuni zile zile. Hesabu ya tani 24 kwa meli kubwa, hapa ni tani chache tu, na tagi ndogo ingetosha. Mimi ningeianza na kazi ya bei rahisi zaidi: mtu akae na manahodha na wavuvi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kwa msimu mzima wa mwera, aandike wanachokiona, na apime kina upya pale Rhoades alipopima.

Wahandisi wa Mbamba Bay nao, kama kila anayejenga ukingoni mwa ziwa hili, wana namba moja ya kuamua kabla zege halijamwagwa: uso wa gati uwe juu ya maji kwa mita ngapi. Likiwa chini sana, maji yakirudi kwenye kimo cha 1980 yatalifikia. Likiwa juu sana, siku ziwa likishuka, sitaha ya tishari itakuwa chini kabisa ya gati na wapakiaji watashusha magunia kwa ngazi.